Mlango wa Kaskazini

Bi Custódia anataka picha moja tu,
ya kuchapwa kwenye kigae cha kauri, duara kama kisahani cha kikombe,
na kubandikwa juu ya jiwe la kaburi, ubavuni pa mumewe,
ambaye mwaka wa kumi na tisa sasa anawakodolea macho wapita njia
kwa picha ya leseni ya udereva.
"Mimi sitaki ya leseni," alisema. "Nitafutie mahali."

Basi wiki nzima napanda na kushuka Covilhã,
mji uliojengwa kwa ngazi na ukaidi,
daftari kwapani, dira mfukoni.
Nasimama, nanyoosha kiganja, nakitazama:
kiganja ndicho uso wangu wa majaribio,
nacho hakijui kubembeleza.

Bustani ya manispaa: kijani.
Majani yamemwaga rangi yao hewani, kila shavu linaumwa nyongo,
na jua linalopenya hapa na pale humgeuza mtu chui.
Roshani ya kutazamia bonde: kila bibi harusi ameshaisimamia,
na upepo wa mlimani hauna adabu na nywele.
Daraja jipya la waenda kwa miguu:
zuri, ila lajipenda mno, halimwachii mtu nafasi.
Kiwanda cha sufu kando ya kijito, paa limeporomoka,
mtini umechungulia dirishani, ukuta umebabuka vizuri ajabu...
nilishapima hatua, nilishachora mshale wa jua,
ndipo nikakumbuka: humo ndani aliinama miaka thelathini na mmoja
akiziba matundu ya nguo za watu wengine.
Nikafuta.

Mtembea bure, wanasema, si sawa na mkaa bure.
Alhamisi nikaokota.
Mabirika ya mawe ya kufulia, nyuma ya kanisa,
paa juu, pande tatu wazi, mkabala na ukuta wa chokaa,
na maji, maji yenyewe yakirusha mwanga kutoka chini
hadi kwenye kidevu, hadi ndani ya jicho.
Kiganja changu kilirudi ujana.
Niliandika kwa herufi kubwa: HAPA.

Jumamosi akaja na koti la bluu na hereni za mama yake.
Alipoyaona mabirika alisimama kama punda darajani.
"Januari," akasema, "tulivunja barafu kwa kisigino cha kiatu.
Vidole hivi vilipasuka hapa. Niwekee jiwe bila picha."
Sikuwa na neno.
Nilifunika lenzi, nikafuata mgongo wake mtaani,
mvua ya dakika kumi imetupita, mawe yanang'aa.

Kwenye kona, kwa Zeferino wa matairi,
akaegemea mlangoni kutoa kijiwe kiatuni.
Mlango mpana kama wa ghala, unatazama kaskazini,
ndani giza la mpira na grisi,
nje sakafu ya saruji iliyolowa, imejaa mbingu.
"Tairi gani, mama?" Zeferino akauliza bila kuinua kichwa.
"Sina gari. Natafuta sura ya kwenda nayo makaburini."
"Ah," akasema, akazima redio, "hizo zimeisha. Jaribu Jumatatu."

Akacheka, kiatu kimoja mkononi.
Nilikuwa nimeshabonyeza.

Baadaye aliitazama kwenye kioo cha kamera, muda mrefu,
kwa jicho lile la kutafuta uzi uliokatika.
"Kiatu kitaonekana?"
"Kigae kitaishia mabegani."
"Hasara," akasema.

Daftari, ukurasa wa mwisho:
Gereji. Saa tano kasoro robo asubuhi, baada ya mvua.
Omba ruhusa kwanza. Usivae viatu vyeupe.
Mahali pa kufulia sijapafuta;
nimeandika tu pembeni, kwa penseli:
uliza kwanza nani aliwahi kuwa hapa.